Aliyesema Narudi

Manyunyu yalipoanza, saa tisa mchana haijafika, Wachuka aliacha kuandika ubaoni akageuza kichwa kidogo upande wa dirisha. Wanafunzi wake watatu walidhani anatafuta neno. Kumbe alikuwa anasikiliza geti.

Komeo lilivutwa. Kokoto za kijia zikalia chini ya buti, polepole, kama za mtu aliyetoka mbali. Buti zikapanguzwa kwenye gunia la mlangoni, ya kulia kwanza, kisha ya kushoto. Halafu kimya. Hakuna aliyebisha. Wachuka alijua kwamba akienda kufungua atakuta gunia halina hata chembe ya tope, na geti limefungwa vilevile alivyolifunga mwenyewe asubuhi.

Aliinua tena kalamu.

"Teacher," Jepkoech alisema, "kuna mtu mlangoni."

Kalamu ilimponyoka Wachuka. Watu wengi walikuwa wamekaa sebuleni humo, wageni, majirani, wanafunzi wa miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema hivyo.

"Umesikia nini?"

"Mtu anapanguza viatu."

Jamleck, ambaye alikuwa karibu na dirisha, alichungulia nje. "Hakuna mtu. Ni mvua tu."

"Ni mvua," Wachuka akasema, akainama kuokota kalamu ili wasimwone uso.

Alikuwa na miaka hamsini na minne. Alikuwa amefundisha Kiingereza katika shule za sekondari mpaka koo likamshinda, akastaafu mapema, na sasa alifundisha watu wazima nyumbani kwake Kiamunyi, pembeni mwa Nakuru, kwenye meza ya chakula. Walikuwa watu waliotaka kwenda ng'ambo na wakatakiwa kupita mtihani wa Kiingereza kwanza. Jamleck alitaka kuendesha malori Kanada. Jackie alikuwa na mpango wa kwenda Uingereza kutunza wazee. Jepkoech, nesi wa miaka ishirini na sita, alikuwa na wiki tatu tu darasani, msichana mpole asiyefungua mdomo mpaka aulizwe.

Nyumba hiyo Wachuka aliijenga kwa ajili ya mama yake, na mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzisikia hatua. "Huyo ni Muiruri," alikuwa akisema, akiweka chini sindano zake za kufuma. "Mfungulie ndugu yako, atalowa." Wachuka alifungua, akamwonyesha mama uwanja mtupu, akafunga. Alidhani ni uzee. Na yeye mwenyewe alipoanza kuzisikia, alijiambia kwamba ukikaa na mtu muda mrefu hata wazimu wake unauzoea. Kisha mama akafa. Walimzika Jumamosi. Alhamisi iliyofuata mvua ilinyesha mchana, na komeo likavutwa.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita.

Somo la siku hiyo lilikuwa dogo: "come back" na "go back". Mwalimu mwingine angewapa orodha wakariri. Wachuka alichora nyumba ubaoni, akachora mtu ndani yake, na mwingine mbali barabarani.

"Kwa Kiswahili hawa wote wawili wana neno moja," alisema. "Rudi. Aliye nyumbani anamwita mwenzake, rudi. Aliye njiani naye anasema, nataka kurudi. Neno letu halijali umesimama wapi. Kiingereza kinajali sana. Huyu wa nyumbani atasema come back, yaani rudi hapa nilipo mimi. Huyu wa barabarani, nyumba iko kule alikotoka, yeye hayuko huko, wala anayeongea naye hayuko huko. Atasema I want to go back. Kwa hivyo kabla ya kufungua mdomo jiulize: mimi niko wapi, na ninayeongea naye yuko wapi?"

"Na get back?" Jamleck aliuliza. "Kuna boss mmoja aliniambia I'll get back to you. Tangu Januari."

Jackie alicheka mpaka akashika meza.

"Huyo hakusema atarudi," Wachuka alisema. "Alisema atakujibu. Na usimngoje, baba, tafuta kazi kwingine."

Akaugeukia tena ubao. "Kuna jambo moja zaidi. Ukimuaga mtu ukamwambia I'll come back, umejiweka pale alipo yeye. Ni kama umemwahidi kwamba utamkuta hapo. Ukisema I'm going back, umeshageuza mgongo, unaenda kwako. Kwa Kiswahili, mtu akikuambia narudi..."

Alishusha kalamu. Alikuwa amelifundisha somo hilo mara mia, na kila mara lilimkatikia hapo hapo.

Ilikuwa Januari, mwaka wa elfu mbili na nane, siku za machafuko ya baada ya uchaguzi, kule juu ya Molo. Walikuwa wamepanda lori la viazi, watu na magodoro na kuku waliofungwa miguu, na ng'ambo ya kijito nyumba zilikuwa zinaungua moja baada ya nyingine. Wachuka alikuwa amekuja kwa mama, aliyebaki mjane, kula Krismasi. Vyeti vyake vyote, vya shule, vya chuo na vya kazi, vilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, alilia mbele za watu kama mtoto. "Vyeti vyangu! Maisha yangu yote yako mle!" Muiruri, kitindamimba wao, kijana wa miaka ishirini na minne, alimtazama, akaruka chini. "Narudi," alisema. Neno hilo moja tu. Akakimbia akipandisha njia kuelekea kwenye moshi.

Hawakumwona tena. Walimtafuta hospitalini, wakamtafuta mochari, wakaandikisha jina lake kila mahali palipoandikishwa majina. Ndani ya hema la wakimbizi kule Showground ya Nakuru, mama aliling'ang'ania lile neno. "Muiruri amesema anarudi, na Muiruri hajawahi kunidanganya." Wachuka, mwalimu wa lugha, aliligeuza neno hilohilo huku na huku mpaka likamchosha. Anarudi kwetu? Au alikuwa anarudi nyumbani? Baada ya miaka minne mama aliliuza shamba kupitia kwa dalali, wala hakuuliza limenunuliwa na nani. Vyeti Wachuka aliomba vingine, akapewa.

"Teacher, uko sawa?" Jackie aliuliza.

"Niko sawa. Kila mtu aandike sentensi mbili. Zitoke kwa maisha yenu, si kwa kitabu."

Jamleck aliandika kuhusu tela lililopata hitilafu Salgaa. Jackie aliandika kuhusu bintiye. Jepkoech alisoma zake mwisho, kwa sauti ya chini, na Kiingereza chake kilikuwa safi. Alisema katika shamba lao kuna kona moja ambayo baba yake hailimi. Alisema mtu mmoja alirudi, na yuko hapo: "A man came back, and he is there."

"Vizuri," Wachuka alisema. "Lakini wewe uko Kiamunyi saa hii, nami niko Kiamunyi. Shamba liko mbali nasi. Sema went back."

"Hapana, teacher." Ilikuwa mara ya kwanza msichana yule kubishana. "Yeye alikuwa ameshaenda na watu wake. Watu wetu ndio walikuwa wamebaki huko. Akarudi, akawapata. Kwetu ni kama alikuja. Si ni came back?"

Alikuwa sahihi. Wachuka akauacha ubao, akamsogelea.

"Shamba lenu liko wapi?"

"Juu ya Molo. Kuna chimni ya mawe ya kutolea moshi imebaki peke yake, nyumba ilichomeka kitambo. Na mti wa mapeasi. Upande mmoja uliungua, lakini bado unazaa."

Mpeasi huo baba yake Wachuka aliupanda mwaka aliozaliwa Muiruri.

"Baba yako anaitwa nani?"

"Bethwel." Msichana alisita. Kisha, kama mtu anayeomba radhi, akaongeza: "Zile hatua za leo, teacher, mimi nimezizoea. Hata kwetu huwa tunazisikia mvua ikinyesha. Mama hutuambia tusifungue."

Jumamosi asubuhi Wachuka na Jepkoech walipanda hadi Molo, na kutoka mjini wakafuata barabara ya udongo iliyopita katikati ya viazi vilivyoanza kutoa maua. Ukungu ulikuwa umekaa chini. Wachuka aliitambua kila kona ya njia ile, na hilo lilimuudhi, kwa sababu alikuwa ameapa kuisahau. Jepkoech hakusema mengi. Mwaka ule yeye alikuwa mtoto wa miaka minane, alikuwa amepelekwa kwa nyanya yake Londiani, na yote aliyoyajua juu ya kona ile aliyasikia vipande vipande kutoka kwa wakubwa walionyamaza akiingia.

Bethwel alikuwa amesimama getini, kofia mkononi. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote. Wachuka alimkumbuka akiwa na nguvu, jirani wa ng'ambo ya kijito, aliyekuja kuazima plau na akabaki kula ugali, aliyeimba sauti ya nne kanisani bega kwa bega na baba yake.

"Mwalimu," alisema. "Nilijua utakuja."

"Ulijuaje?"

"Ni mimi nilimtuma huyu mtoto kwako. Nilisikia watu wakitaja mwalimu Wachuka wa Kiingereza, yuko Kiamunyi. Yeye alikuwa anatafuta mwalimu. Nikamwambia enda kwa huyo. Kupiga simu mwenyewe, nilishindwa."

Jepkoech alimgeukia baba yake kama mtu aliyepigwa kofi.

"Ukamtuma mtoto abebe kitu asichokijua," Wachuka alisema.

"Ndiyo."

Waliingia jikoni, palipokuwa na joto. Cherop, mkewe, alimimina chai bila kumwangalia mgeni, na chai ikamwagika kwenye sahani. Bethwel alikaa kwenye kigoda akaanza bila kuzunguka.

"Nilimpata kwa kile kibanda chenu cha kukaushia pareto. Alikuwa ameingia ndani ya nyumba, paa likiwa linawaka. Akatoka, lakini kifua, mikono..." Alijigusa kifua, akaacha. "Nilimbeba mpaka hapa, nikamweka stoo, nyuma ya magunia ya viazi. Siku tatu. Barabara zilikuwa zimefungwa, hakuna daktari, hakuna gari. Na vijana walikuwa wanapita hapa wakiuliza ni nani ameficha mtu. Wangejua, wangetuchoma pamoja naye. Siku ya tatu asubuhi akatuacha. Nikamzika mimi na huyu mama, pale kwenye kona ya shamba lenu. Tuliomba. Hatukuimba, tungesikika."

"Na barabara zilipofunguliwa?"

"Niliogopa. Ningewaambia nini polisi? Mtu amekufa kwangu na nimemzika peke yangu? Watu wangu nao wangeniita msaliti. Kila mwaka nikasema mwaka huu nitaenda. Shamba lilipouzwa nililinunua, ili jembe la mtu lisimguse. Nikajidanganya kwamba hiyo inatosha."

"Mama yangu alikufa akimwekea chakula kwa sahani," Wachuka alisema. Sauti yake haikupanda. "Miaka kumi na sita, Bethwel. Kila jioni sahani. Ungekuja hata usiseme, ungetuma barua bila jina."

Cherop alijifunika uso kwa leso.

Wachuka alikiweka kikombe chini. Lilikuwepo swali moja, na alijua kwamba jibu lolote litamuumiza.

"Alisema nini?"

"Nilimuuliza, kijana, mbona umerudi? Akaniambia, sijarudi, mzee. Nimekuja kuchukua kitu tu. Narudi, lori linaningoja." Bethwel aliigeuza kofia mikononi. "Hizo siku zote tatu alikuwa anauliza lori. Bado liko? Nami namwambia bado liko. Lala kidogo, bado liko."

Maji yalikuwa yanachemka kwenye sufuria na hakuna aliyeyaondoa.

"Halikungoja," Wachuka alisema. Alishangaa kusikia maneno yakitoka, kwa sababu alikuwa ameamua kitambo kwamba ataingia nayo kaburini. "Mama alikuwa amezirai. Moshi ulikuwa umefika kwenye fensi yetu. Dereva alichungulia nyuma akaniuliza, madam, tungoje ama twende? Mimi, si mtu mwingine. Nikasema twende. Mama aliamka tumeshafika barabara kubwa, nikamwambia dereva ndiye aliyekataa kungoja. Aliaga dunia akimlaani yule dereva."

Jepkoech alisogeza kiti chake karibu na chake, lakini hakumgusa.

Mvua ilianza bila ngurumo, kama inavyoanza huko juu, matone mepesi yakigonga mabati. Na Wachuka alimwona Bethwel akikunja mabega kabla hakijasikika kitu. Ndipo hatua zikaja. Hapa hapakuwa na kokoto. Zilikuja zikinyonya tope, polepole, zikazunguka nyumba kutoka upande wa chimni, zikafika. Buti ya kulia ikapanguzwa. Kisha ya kushoto.

"Huja mpaka hapo," Cherop alinong'ona. "Halafu hurudi."

"Hurudi wapi?"

"Hatujui. Hatujawahi kufungua."

Wachuka aliinuka. Alishika meza, halafu ukuta, halafu komeo. Akafungua.

Ukungu ulikuwa umefika kizingitini. Hakukuwa na mtu. Lakini palikuwa na harufu, na wote wanne waliisikia, na Cherop ndiye aliyelia kwa sauti: harufu ya nywele zilizoungua, na chini yake, hafifu kabisa, harufu ya maua makavu ya pareto, ambayo hakuna aliyeyapanda huko kwa zaidi ya miaka kumi.

"Muiruri," Wachuka alisema. Aliongea kwa lugha ya mama yao, polepole, kama anayemwamsha mtu. "Lori liliondoka. Ni mimi niliyesema liondoke. Usiende tena kulitafuta barabarani. Umesikia? Halipo."

Alisimama hapo mpaka mvua ikamlowesha kifua. Hakusikia hatua zikiondoka. Hakusikia kitu chochote. Baada ya muda Bethwel alikuja akasimama nyuma yake, akamwonyesha njia kwa kofia yake, na wakaenda wote hadi kwenye kona.

Ilikuwa nyasi tu, nadhifu, iliyokatwa kwa mkono, na viazi vilikuwa vimepandwa kuizunguka kwa umbali wa hatua tatu kila upande. Hapakuwa na msalaba wala jiwe. Wachuka alikuwa amefikiri kwamba atalia hapo. Alijikuta anahesabu hatua kutoka kaburini hadi njiani ambapo lori lilikuwa limesimama. Hazikufika mia mbili.

"Nisamehe," Bethwel alisema.

"Sijui," Wachuka alisema. "Usiniulize leo."

Aliandika barua ya kuomba ruhusa ya kumhamisha Muiruri akalale karibu na mama yake. Alipiga ripoti polisi pia, na Bethwel alienda naye kituoni akaeleza kila kitu, akakalishwa huko siku nzima, akaachiliwa aende nyumbani angoje kuitwa. Mambo kama hayo huenda polepole. Jepkoech aliufanya mtihani wake, akapita vizuri. Kwa majuma mawili hakuongea na baba yake, kisha akaanza kuongea naye mambo madogo, ng'ombe, hali ya hewa.

Hatua hazikukoma. Kiamunyi, mvua ya kwanza baada ya safari ile, Wachuka alikuwa anamenya vitunguu alipolisikia komeo. Aliufungua mlango, akauacha wazi, akaendelea kumenya. Wakati mwingine zilikuja, wakati mwingine mvua ilinyesha mchana kutwa na zisije, na siku hizo Cherop alimpigia simu kutoka Molo akamwambia, "Leo yuko huku." Wakawa wanapigiana hivyo, wanawake wawili ambao hawakuwa na jambo lingine la kuzungumza.

Barua ya ruhusa kutoka ofisini ilipochelewa sana, Bethwel alisema afadhali waweke fensi kwenye kona kwa sasa, kabla ng'ombe hawajaanza kuingia. Wachuka alipanda huko Jumamosi nyingine, na wakafanya kazi hiyo wawili, yeye akishika nguzo, Bethwel akipigilia mbao za sipresi.

"Siku ya mwisho aliomba uji," Bethwel alisema ghafla, bila kuinua macho. "Mama Jepkoech akampikia. Hakuweza kumeza, lakini alitaka kikombe kikae karibu, apate harufu yake."

Wachuka aliishika nguzo kwa mikono yote miwili.

"Uji wa nini?"

"Wa wimbi. Ule uliochachushwa."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaingiza mkono kwenye mkebe, akatafuta msumari ulionyooka, akampa.